Taka Zinazotakiwa

Nchi yenyewe si ngeni kwenu. Ukishapita kibao kilichoandikwa KARIBUNI, MSITEME MATE, umeingia. Ukianza kusikia harufu, ujue hujapotea njia. Inaitwa Jamhuri ya Utakaso. Watu wake ni wema, viongozi wake ni wema kuwashinda watu, na haya yaliyotokea yalitokana na wingi wa wema huo, wala msitafute sababu nyingine.

Zamani Utakaso ilikuwa na sikukuu nyingi. Wengine walifunga kisha wakafuturu, wengine waliimba na kupamba miti, wengine walichinja, wengine walisherehekea mavuno. Kila sikukuu ilikuja na taka zake. Serikali ikaona huo ni mzigo. Ikaziunganisha sikukuu zote zikawa moja, ikaiita Sikukuu ya Pamoja, ili wananchi wachafue mara moja tu kwa mwaka. Shauri hilo lilipimwa na wataalamu waliosomea. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu aliyenyimwa karamu nne atazila zote nne kwa mkupuo.

Mwaka wa kwanza wa Sikukuu ya Pamoja, taka zilirundikwa nje ya mji mkuu. Zikapanda. Mgeni wa heshima kutoka ng'ambo aliposhuka kwenye ndege aliuliza ule mlima unaitwaje. Waziri wa Usafi na Furaha hakupenda kumvunja moyo mgeni, akasema unaitwa Mlima Fahari. Mgeni akauliza kama watu huupanda. Waziri akasema huupanda sana, ila si wakati wa mvua. Basi Mlima Fahari ukaingia kwenye vitabu vya shule, na mtoto aliyeandika kwenye mtihani kwamba lile ni jalala alirudishwa darasa.

Lakini mlima wa pili haukuwezekana. Nchi yenye mlima mmoja, Waziri alisema, ina mandhari. Ikiwa na miwili, watu wataanza kuuliza maswali. Ndipo ikatungwa Sheria ya Pipa Tupu.

*

Kibwana Mgaya aliisikia sheria hiyo kwa masikio yake, uwanjani, akiwa amekaa na wajumbe wenzake wa mitaa. Yeye alikuwa mjumbe wa Mtaa wa Makubazi. Kazi yake ilikuwa bucha, na watu walimchagua ujumbe kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na mizani isiyoibia sana.

"Ndugu wananchi," Waziri alianza, "taka ni nini?"

Hakuna aliyetaka kukosea mbele ya Waziri.

"Taka ni kitu usichokitaka. Lugha yetu haina mfano duniani. Imejificha hapo hapo kwenye neno, na sisi tulikuwa tunapita tu. Sasa nawauliza. Kitu hicho kikipata mtu anayekitaka, bado ni taka?"

"Siyo," uwanja ukaitikia.

"Basi kazi yetu si kupunguza taka. Ni kupunguza kutokutaka."

Walipiga makofi hadi wengine wakatoka machozi. Waziri akaendelea kueleza utaratibu. Kila nyumba itapewa pipa la serikali. Ulicho nacho usichokitaka, usikitie pipani. Mpelekee mwenzio anayekitaka. Akishasema asante, kitu kile kimerejelezwa, na serikali inaitambua asante hiyo kama ushahidi kamili. Sikukuu ikiisha, wakaguzi watapita. Nyumba itakayokutwa na kitu pipani itavuliwa mlango wake kwa mwaka mzima, ili hewa safi iingie na majirani wauangalie usafi unavyofunzwa.

Mkutano ulipovunjika, uwanja ulibaki na chupa za maji, maboksi ya chakula na bendera ndogo ndogo za karatasi. Askari wakaulizwa kama wanavitaka. Wakasema wanavitaka, asante. Uwanja ukatangazwa safi. Vitu hivyo viko pale mpaka sasa, vinatakiwa.

*

Sikukuu ikaja. Tunu, mke wa Kibwana, alipika kama anavyopika mtu mwenye shemeji wengi. Mashemeji hawakuja. Hawakuwa na kinyongo. Kila nyumba katika Utakaso ilikuwa imepika sufuria kubwa na kukaa ikingojea wageni waje kuisaidia kumaliza, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuwa mgeni.

Asubuhi ya pili Tunu alifunua sufuria, akaifunika tena haraka.

"Wali umechacha," alisema.

"Umechacha sana?"

"Wali wa nazi, Kibwana. Unachacha kidogo huo?"

"Wape kuku."

"Kuku gani? Si umewachinja wote kwa ajili ya ndugu zako ambao hawakuja?"

"Basi mwaga."

"Nimwage wapi? Utie wewe pipani, mheshimiwa mjumbe, halafu tulale mlango wazi kama zizi."

Hakuna aliyetaja jina la mtu. Ila macho yao wote wawili yalikwenda upande mmoja, ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya Bi Rehani.

Bi Rehani alikuwa mjane asiye na mtoto. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeinama kidogo, na kitu pekee cha thamani ndani yake kilikuwa kwa nje: mlango. Mlango wa mninga, umechongwa maua toka juu mpaka chini na marehemu mumewe, Fundi Mbaruku. Alianza kuuchonga akiwa mzima, akaumaliza akiwa mgonjwa, ndiyo maana maua ya chini yamepinda. Bi Rehani aliufuta kwa kitambaa cha mafuta kila Ijumaa, na maua yale ya chini aliyafuta kwa kidole.

Jambo jingine la kujua kuhusu Bi Rehani ni kwamba alilelewa vizuri. Makubazi kuna desturi: sahani ya jirani haikataliwi, na sahani ya jirani hairudi tupu. Siku hizi watu huifuata wanapokumbuka. Bi Rehani hakuwahi kuisahau.

Tunu alichukua sahani yake nzuri, ile ya ua jekundu, akaijaza wali. Akamimina juu mchuzi wa moto uliopikwa asubuhi ile, ili harufu ya mchuzi itangulie. Akafunika kawa.

"Peleka," alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi naona haya."

Kibwana naye aliona haya, lakini yeye ndiye mjumbe. Akavuka njia, akabisha hodi.

"Karibu, baba," Bi Rehani alisema, akifungua.

"Sikukuu njema, Bi mkubwa. Mke wangu kakukumbuka."

Bi Rehani akafunua kawa kidogo. Kibwana akatazama maua ya mlango. Yule mama akavuta pumzi mara moja, akafunika tena.

"Asante sana, mwanangu," Bi Rehani akasema. "Nilikuwa nautaka."

Kesho yake sahani ilirudi ikiwa na malimau mawili. Kibwana aliyakamua kwenye maji akanywa, akajiambia kwamba wali ungekuwa mbaya, yule mama angesema. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

*

Mtaa una macho. Waliomwona mjumbe akivuka njia na sahani walielewa kwamba huo ndio utaratibu. Jioni hiyo fundi cherehani akapeleka pilau iliyoungua. Mwenye duka akapeleka samaki waliopitwa na siku. Tunu naye akaijaza tena ile sahani ya ua jekundu. Baadaye chakula kikaisha, vikafuata vilivyokizunguka chakula: mifupa, maganda, karatasi za zawadi, taa za mapambo zilizokufa, maboksi ya viatu, mapulizo yaliyosinyaa. Vyote kwenye sahani, vyote chini ya kawa. Na kila aliyebisha hodi alisema: "Nimekukumbuka, Bi Rehani." Yule mama hakuwa amekumbukwa kiasi kile tangu siku ya msiba wa mumewe.

Naye akashukuru kila sahani, na kila sahani akairudisha na kitu. Alitoa malimau mpaka mlimau ukabaki majani. Alitoa chumvi kwa vidole, sukari kwa kijiko, kisha maua ya asumini ya uani. Asumini ilipoisha, hakuwa tena na cha kuweka, na sahani tupu hairudi. Basi sahani zikaanza kubaki kwake, na watu wakaanza kunong'ona bombani.

"Bi Rehani siku hizi anakaa na sahani za watu."

"Uzee huo. Mimi bakuli langu la kaure sijaliona."

"Ulipeleka na nini?"

"Achana na nilichopeleka. Nasema bakuli."

Kibwana aliyasikia. Alikuwa mjumbe; neno lake moja lingetosha. Alipita mtaa mzima akifunua mapipa, na kila pipa lilikuwa tupu, likimeta ndani kama sufuria ya bibi harusi. Kila alipofunua akasifu.

Siku ya mwisho alikutana na Bi Rehani njiani, amebeba ndoo.

"Nikusaidie, Bi mkubwa?"

"Haina uzito. Mwanangu, hii sikukuu inaisha lini?"

"Kesho wakaguzi wanapita. Imeisha."

"Alhamdulillahi. Mtakuwa mmechoka kunikumbuka."

Alisema bila kucheka. Kibwana alicheka, ikabidi acheke peke yake. Mchana ule alishindwa kula, na Tunu hakumuuliza kwa nini, maana naye alikuwa anautazama tu wali wake.

*

Mnusaji Mkuu wa Wilaya alifika na msafara. Pua yake ilikuwa mali ya umma. Ilikuwa na mlinzi wake, ilikuwa na mwavuli wake, na ilipopata mafua, ofisi zilifungwa. Nyuma yake walifuata mafundi wawili wa serikali wenye patasi na mitalimbo ya kung'olea milango.

Alipita pipa kwa pipa, akiinama na kunusa.

"Safi," alisema. "Safi. Safi mno. Mjumbe, pua yangu haijapata mapumziko ya namna hii."

"Asante, mheshimiwa," Kibwana akasema.

Kisha pua ikainuka yenyewe. Ikageuka. Msafara mzima ukaifuata kuvuka njia, na mtaa ukaufuata msafara, kila mtu akiangalia miguu ya aliye mbele yake.

Pipa la Bi Rehani lilikuwa tupu. Hilo lilimchanganya Mnusaji. Lakini uani kulitandikwa mikeka, na juu ya mikeka, sahani kwa sahani, bakuli kwa bakuli, vimepangwa vizuri kama karamu inayongoja watu kunawa, vilikuwa vyote. Alikuwa amevifunika kwa kanga zake zote. Mwenyewe alisimama katikati amejifunga shuka.

"Bibi, hivi ni nini?"

"Sahani za majirani, baba."

"Majirani gani?"

Bi Rehani akainyoosha kanga iliyokuwa karibu. Mnusaji akaifunua, akainama kwenye sahani ya karibu, ile ya ua jekundu, akainyooshea mkono aigeuze. Sasa, kila mwanamke wa Makubazi hutia alama chini ya sahani yake kwa rangi ya kucha, isije ikapotelea kwenye shughuli za watu. Chini ya kila sahani pale uani palikuwa na mwenyewe. Mtaa wote ulilijua hilo.

Kibwana akafungua mdomo. Neno alikuwa nalo, neno lenyewe fupi. Lilifika kwenye meno, akalifungia.

"Usigeuze, baba," Bi Rehani akasema. "Itamwagika."

Mkono ukarudi.

"Sheria ina swali moja tu," Mnusaji alisema, na mafundi wakasogea mlangoni. "Vitu hivi unavitaka au huvitaki?"

Bi Rehani akautazama mlango. Kisha akawatazama majirani, mmoja mmoja, bila haraka. Kibwana alipofikiwa alijifanya ana kitu jichoni.

"Navitaka," akasema.

"Vyote?"

"Nimepewa na watu wangu kwa moyo mmoja. Nisivitake kwa nini?"

Mnusaji akatoa leso akajifuta machozi. Haikujulikana kama ni ya uzalendo au ni ya harufu. Mafundi wakarudisha patasi kwenye mifuko. Mlango ukabaki, na watu wa Makubazi wakatawanyika wakiambiana kwamba yule mama ana moyo wa ajabu, kwa sauti ya watu wanaotembea upesi.

*

Habari ikamfikia Waziri, naye akaruka kitini. Kwa muda mrefu alikuwa na nchi nzima ya watu wasiotaka. Sasa kapatikana mmoja anayetaka, na anataka vyote. Redio ikamtangaza Bi Rehani kuwa Mtakaji Mkuu wa Taifa, na malori yakaanza kuja.

Lori la kwanza lilikuja na bendera na maua. Yaliyofuata yalikuja hivi hivi tu. Kila lori lilikuwa na karani, na kila karani aliuliza: "Bibi, unavitaka?" Asingeweza tena kusema hapana, kwa kuwa aliyekwisha kuiambia serikali kwamba anataka, akisema hataki, ameidanganya serikali. Mwanzoni aliitikia asante kutoka uani. Baadaye kutoka chumbani. Baadaye sauti ilitoka mahali fulani nyuma ya rundo, na karani akaandika kwamba imetoka.

Kisha malori yakagundua kwamba nyumba ina mlango mwembamba. Jambo likapelekwa juu, na Waziri akaja mwenyewe, na bendi, na viti vya kukodi. Kibwana na Tunu wakakalishwa mstari wa mbele, kama viongozi wa mtaa wa mfano.

"Mlango," Waziri alisema, "ni kizuizi cha kutaka. Leo tunamwondolea mama yetu kizuizi hicho. Nisisitize: hatumvui mlango kwa aibu. Tunamvua kwa heshima."

Mtu alitumwa akamweleze Bi Rehani tofauti hiyo. Akarudi akasema ameelewa.

Patasi zikafanya kazi. Fremu nayo iling'olewa, na ukuta ukabomolewa kila upande ili tairi zipite. Mlango wa Fundi Mbaruku ukalazwa chini mavumbini, maua juu. Na kwa kuwa kilichoondolewa ni taka mpaka kipate wa kukitaka, Mnusaji ilimpasa kuuliza.

"Mlango huu. Kuna anayeutaka? Kama hakuna, uende Mlima Fahari."

Watu wakaangalia bendi. Kila mtu alijua kwamba atakayesema anautaka ataandikwa mtakaji, na malori yaliyopanga foleni yalifika mpaka barabara ya lami. Tunu aliona bega la mumewe likisogea, akamshika shati.

"Usithubutu," alinong'ona. "Tuna uwanja mdogo."

Kibwana akasimama.

"Mheshimiwa, ule wali wa kwanza ulikuwa wangu," alisema, kwa ile sauti yake ya buchani. "Ulikuwa umechacha. Nilijua umechacha, nikampelekea huyu mama."

Bendi ikaacha kupiga. Waziri akaona huyu ni mtu anayehitaji kusaidiwa.

"Wewe ulikuwa unautaka?"

"Hapana."

"Yeye alisema anautaka?"

"Alisema."

"Alishukuru?"

"Alishukuru."

"Sasa ndugu yangu, kosa liko wapi?"

Kibwana akafikiri. Alijua liko wapi, lakini katika sheria za Utakaso hapakuwa na mahali pa kuliweka. Waziri alimngoja kwa upole, kama mwalimu anavyomngoja mtoto mzito. Mnusaji alikuwa ameshainua mkono kuwaita wapakiaji.

"Mlango nautaka," Kibwana akasema.

Palilipuka makofi. Waziri alimkumbatia, akatangaza kwamba kutaka kunaambukiza, kwamba hiyo ndiyo dalili ya taifa kupona. Nusu ya foleni ya malori ikageuzwa hapo hapo kuelekea nyumbani kwa mjumbe, na Tunu akainuka kwenye kiti cha kukodi akatembea kwenda kwao, bila kukimbia, kwa kuwa hakukuwa na cha kuwahi.

Kibwana aliubeba mlango mgongoni. Watu walimpisha, hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa kusaidia kunakaribiana sana na kutaka. Aliufikisha mbele ya lile tundu lililokuwa mlangoni, akausimamisha. Haukutosha. Tundu lilikuwa pana kuliko mlango, na hapakuwa na fremu wala bawaba. Akauegemeza kwa bega, akaukamata kwa mikono miwili usianguke. Bendi ilikuwa inafunga vyombo vyake. Toka ng'ambo ya njia alisikia lori likirudi nyuma kinyumenyume, na sauti ya karani, na sauti ya mkewe ikisema asante.

"Nani hapo?" Bi Rehani aliuliza toka ndani.

"Mimi, Bi mkubwa. Kibwana."

"Umeleta sahani?"

"Nimeleta mlango wako."

Kitu kiliteleza kwenye rundo, kikatulia.

"Wali wako ulikuwa umechacha," Bi Rehani alisema.

"Najua."

"Nilijua kwamba unajua."

Bega lilimuuma, akalibadili. Maua yaliyopinda yalikuwa sawa na magoti yake.

"Mwanangu," sauti ikasema tena, kwa adabu ile ile.

"Naam, Bi mkubwa."

"Usione vibaya. Hapo uliposimama unaniziba hewa."

Kibwana akatazama kulia, akatazama kushoto, aone pa kuuegemeza. Hapakuwa na kitu. Akiuachia, utamwangukia Bi Rehani ndani. Akiushika, hapati pumzi. Akausogeza kidogo, upana wa kiganja, akabaki ameushika hivyo, huku lori la pili likiingia uani kwake, ng'ambo ya njia.